Safari ya Siku Moja, Viza ya Mara Moja

"Mama Abeli, hivi Hong Kong si Uchina siku hizi?"

Jirani yangu Kazija aliniuliza hivyo mwezi wa Novemba, mwaka 1998. Alisimama mlangoni kwangu akiwa na sahani aliyokuja kuirudisha. Mimi nilikuwa nachambua maharage. Hata kichwa sikuinua.

"Ndiyo," nikamjibu. "Mwingereza kairudisha mwaka jana. Ni Uchina."

Jibu hilo nililitoa kwa kukisia. Nilikuwa nimesikia redioni nusu ya habari. Mungu anisamehe, maana watu wawili walilifuata jibu langu hadi ng'ambo ya maji.

Tulikuwa tunaishi mtaa wa Sanyuanli, katika mji wa Guangzhou, Uchina, ghorofa ya nne. Mimi ni mjane, natoka Bukoba. Nilikuwa nanunua nguo na kuzituma nyumbani. Kazija na mumewe, Pandu, wanatoka Unguja. Chumba chao kilitazamana na changu. Alfajiri wao waliswali, mimi nilishika rozari yangu. Kisha sote tulishuka kwenda kubishana bei na wenye maduka.

Mizigo yetu ilikuwa iingie kontena moja. Kontena lilikuwa lipakiwe Ijumaa, liende bandari ya Huangpu. Pandu na Kazija walikuwa na marobota ishirini na matatu. Yote yalikuwa nguo za watoto za sikukuu ya Idi. Mzigo ukikosa meli hiyo, ungesubiri nyingine na kufika Dar es Salaam Idi imepita. Na nguo ya Idi ikifika baada ya Idi, nani ataitaka?

Sasa Pandu alikuwa amesikia habari za meli ya abiria. Inaondoka asubuhi kwenda Hong Kong, inarudi jioni. Akataka kwenda kutembea na mkewe. Jumatano asubuhi nikawakuta kwenye ngazi. Pandu amevaa miwani ya jua, ndani ya jengo.

"Shemeji," nikamwambia, "kontena linapakiwa keshokutwa. Si uende wiki ijayo?"

"Mama Abeli nawe! Naenda asubuhi, narudi jioni. Kwani nahamia?"

"Na makaratasi ya mzigo?"

Akaupiga mkoba wake kofi. "Haya hapa. Miye siachi makaratasi chumbani."

"Basi yaache kwa Khatib."

Khatib ni mtu wa Pemba, mtu wa makamo. Alikuja Uchina kusoma, akabaki. Anafanya kazi katika ofisi ya kusafirisha mizigo, jengo la mbele yetu.

"Khatib yule Mpemba?" Pandu akacheka. "Ukimpa karatasi moja anakupa hotuba mbili. Twende, Kazija."

Wakaenda.

Saa kumi na mbili jioni, laoban wa duka la sigara pale chini aliniita kwa sauti. Laoban ndilo jina tunalomwita kila mwenye duka. Simu yake ndiyo ilikuwa simu yetu sote. Nikashuka mbio.

"Mama Abeli!" Alikuwa Kazija. "Wametukataza kupanda meli!"

"Mmechelewa?"

"Kuchelewa tumechelewa. Pandu hakuandika jina la gati. Teksi imetupeleka gati nyingine. Tumefika tumelowa jasho, lakini meli ingalipo. Wakafungua pasipoti, wakasema viza zetu zimekwisha."

"Zimekwishaje? Si zina siku kumi na mbili bado?"

"Ndivyo nnavyowaambia! Hawasikii."

Nyuma yake nikamsikia Pandu akipiga kelele: "Waambie Mama Abeli kasema huku ni Uchina!"

Nilitamani kuikata simu. Nikamwomba Mungu subira, nikachukua namba ya hoteli waliyopata, nikavuka barabara kwenda kwa Khatib.

Khatib alikuwa anafunga ofisi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka mkono kichwani.

"Mama, pasipoti yako unayo?"

Nikaitoa. Akafungua ukurasa wa viza, akaweka kidole.

"Soma hapa."

"Moja," nikasema.

"Moja ya nini?"

"Sijui."

"Hujui! Umekuja mji huu mara ya tatu, mama. Bei ya kila soksi unaijua kwa kichwa. Karatasi iliyokuingiza nchini hujaisoma!"

Alikuwa na haki ya kukasirika.

"Hiyo moja ni hesabu ya kuingia," akaeleza. "Hong Kong ni Uchina, kweli. Lakini ina mpaka wake na maofisa wake wa uhamiaji. Ukipanda ile meli, hapa unagongewa muhuri wa kutoka. Kurudi ni kuingia upya. Kama viza yako ni ya kuingia mara moja, mara hiyo umekwisha kuitumia. Uliitumia siku uliyotua kwa ndege uwanja wa Baiyun."

"Hata kama siku zimebaki?"

"Hata kama zimebaki. Siku ni jambo moja, kuingia ni jambo lingine. Viza ya kuingia mara mbili ipo. Lakini huombwa kabla ya safari, si ukiwa gatini."

"Sasa wafanyeje?"

"Kesho asubuhi waende kuomba viza mpya hukohuko. Itachukua siku kadhaa. Wasidanganye, wasigombane na mtu. Ijumaa hawatakuwa wamerudi." Akachukua kalamu. "Mama, orodha ya marobota yao iko wapi? Nataka kujua kila robota lina nini. Bila orodha, mzigo wao hauingii kontenani."

Nikafumba macho. "Iko Hong Kong."

"Mzigo uko hapa, na makaratasi yako Hong Kong?"

"Ndiyo."

"Na mwenye mzigo yuko Hong Kong?"

"Khatib, usinitese."

Usiku ule nilisali kwa hasira. Sijui kama sala ya namna hiyo hupokelewa.

Kesho yake mchana tukapiga simu hotelini kwao kutoka ofisini kwa Khatib. Pandu ndiye aliyepokea.

"Khatib, tulia," akasema. "Risiti zote ninazo. Zasema magauni mia sita, suruali mia nane..."

"Robota namba ngapi lina magauni?"

"Magauni mia sita."

"Namba, bwana Pandu! Robota namba ngapi?"

Risiti zilionyesha kilichonunuliwa. Hazikuonyesha kila kitu kimefungwa robota gani. Na wakati wa kufunga marobota, Pandu alikuwa barazani anakunywa chai.

Tukasikia simu ikinyang'anywa.

"Mama Abeli, una kalamu?" Alikuwa Kazija. "Andika. Namba moja, magauni ya wasichana, mekundu, mia na hamsini. Namba mbili, hivyohivyo, ya manjano. Namba tatu, suruali na mikanda yake..."

Alitaja yote ishirini na matatu kwa kichwa, bila kukosea. Mimi na elimu yangu ya darasa la saba niliandika polepole. Khatib akapiga chapa. Mara moja tu Pandu alidakia, "La tisa si kofia?" Kazija akamjibu, "Kofia la kumi na moja. Hebu kaa."

Ijumaa asubuhi nilisimama ghalani tangu lilipofunguliwa. Khatib aliita namba, mimi nikalitafuta robota. Tulifungua matatu kuhakiki. Yote yalikuwa kama Kazija alivyosema. Saa tisa mlango wa kontena ukafungwa.

Wenzetu walirudi Jumanne iliyofuata, wana viza mpya, wamevaa nguo zilezile za Jumatano. Nikawapikia maharage. Khatib naye akaja, na kweli akaja na hotuba. Ila safari hii Kazija alimwambia, "Sema polepole, Mama Abeli aandike."

Niliyoandika nikayabandika ukutani, pale chini kwenye ngazi:

"Ndugu unayetaka kwenda Hong Kong kwa meli na kurudi, tazama viza yako kwanza. Ni ya kuingia mara ngapi? Kama ni moja, usipande. Hujui kusoma? Muulize Khatib, usimuulize jirani. Ukishuka, mwombe mtu wa meli akuandikie jina la gati kwa Kichina, umwonyeshe dereva wa teksi. Uliza meli inaondoka saa ngapi, uwe gatini saa nzima kabla. Pasipoti usiitoe mwilini. Makaratasi ya mzigo yakae palipo na mzigo. Tena usisafiri wiki ya kupakia kontena, hata kama safari ni ya siku moja."

Dada mmoja wa Moshi, Teddy, aliyasoma akiwa na tiketi mkononi. Akafungua pasipoti yake pale pale kwenye ngazi. Moja. Akarudisha tiketi, akaja kunishika mkono. Safari iliyofuata aliomba viza ya kuingia mara mbili. Akaenda, akarudi, akalala kitandani kwake.

Nguo za Idi zilifika Dar es Salaam siku tisa kabla ya sikukuu. Zikanunuliwa, zikaisha.

Machi tukakutana tena Sanyuanli, vyumba vilevile. Jioni moja nilikuwa kwa Kazija tunakunja magauni. Pandu akaingia na miwani yake ya jua.

"Wiki ijayo nakwenda mji wa Makao kwa meli," akasema. "Asubuhi na kurudi."

Kazija hakuacha kukunja. "Kontena je?"

"Nakwenda asubuhi, narudi jioni! Tena Makao si Hong Kong. Ile ya Mreno, mambo yake mengine."

Nilifungua mdomo. Kazija akanikanyaga mguu.

"Lete pasipoti," akamwambia mumewe.

Pandu akaitoa. Kazija akaifungua kwenye viza, akaiweka juu ya magauni, akaweka kidole.

"Soma."

Pandu akavua miwani. Akainama. Alisoma kwa muda mrefu, ingawa pale palikuwa na tarakimu moja tu, nayo ni moja. Akanitazama mimi, kana kwamba ndimi niliyeiandika.

Kisha akachukua pasipoti yake, akavaa makubazi, akatoka. Dirishani nikamwona anavuka barabara, pasipoti imefunguka mkononi, anaelekea ofisini kwa Khatib.