Mkono wa Feruzi Mezani

Ilikuwa mwaka 1960. Uhuru wetu ulikuwa na majuma sita tu. Wazungu waliuita mji wetu Stanleyville. Sisi wenyewe tulisema Kisangani, na sasa tulisema kwa sauti.

Nyumbani kwa Feruzi watu walikula kwenye sinia moja. Mama yake, Fatouma, alimwaga maji. Kila mtu alinawa, akasema bismillahi, akala kwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ulikaa juu ya goti. Ndivyo walivyokula babu zao, waliofanya biashara kando ya mto huu wa Kongo kabla Mbelgiji hajafika.

Feruzi alikuwa karani wa posta. Mkubwa wake Mbelgiji alipoondoka, Feruzi akapewa kiti chake. Kisha ikaja barua. Jumamosi, wakubwa wapya wa jimbo wangekula pamoja hotelini, mtaa wa Makiso, katikati ya mji. Wageni kutoka nje wangekuwapo.

Lukumani, karani wa bandarini, naye aliipata barua hiyo. Alikuja kucheka.

"Chef Feruzi, mkubwa wa posta! Utakula na mkono gani? Uma iko ya mkono wa kushoto, mon vieux, rafiki yangu. Ao utaitisha beseni?"

Feruzi alimsindikiza hadi mlangoni. Aliazima uma na kisu. Mkewe, Aziza, akachemsha makemba, zile ndizi kubwa za kupika. Feruzi akashika uma kwa mkono wa kushoto, akasukuma kisu kwa nguvu. Kipande kikaruka, kikaangukia mapajani mwa Mama Fatouma.

Aziza alicheka hadi machozi. Mama Fatouma hakucheka. Aliutazama ule mkono wa kushoto.

"Feruzi, huo ndio utaupeleka kinywani?"

"Mama, ndivyo wanavyokula."

"Mkono wa chooni! Kama cheo kinataka hivyo, kirudishe."

Feruzi aliweka uma chini. Asipokwenda, watu watasema Mkongomani anaogopa meza. Akienda na kula kwa mkono wa kushoto, atamvunjia mama yake heshima, na atajivunjia yeye mwenyewe.

"Nitasema niko mgonjwa," akamwambia Aziza.

"Mgonjwa wa nini? Wa uma?" Aziza akasimama. "Ngoja."

Akaenda kumwita jirani yao, Papa Hubert. Hubert alikuwa mhudumu wa meza kwenye meli ya mtoni iliyokwenda Léopoldville, mji mkuu, kwa miaka kumi na mitano. Aliwapelekea chakula abiria wa daraja la kwanza. Alisikiliza habari yote, kisha akavuta kiti.

"Bon, vema. Kaa, mwanangu. Kitambaa weka mapajani. Usikifunge shingoni, wewe si mutoto. Ukiona uma nyingi, anza na ule wa nje."

"Na mkono, papa?"

"Tunafika. Kisu mkono wa kulia, uma mkono wa kushoto. Uma unashika nyama tu, isikimbie. Usisukume kisu. Kivute polepole, kwenda na kurudi, kama fundi na msumeno wake. Kata vipande viwili au vitatu. Bon. Sasa laza kisu ukingoni mwa sahani, makali yatazame ndani. Hamisha uma, shika kwa mkono wa kulia. Kula."

Feruzi akashangaa. "Na hiyo inaruhusiwa?"

"Wamarekani wengi kule melini walikula hivyo. Hakuna aliyewacheka. Aibu ni kulamba kisu. Aibu ni kumwelekezea mutu kisu ukiongea, ao kuongea kinywa kimejaa. Ukimaliza, laza uma na kisu pamoja ndani ya sahani. Mhudumu ataelewa, atachukua."

Mama Fatouma alikuwa amesogea karibu. "Donc, yaani kushoto inashika tu? Haigusi kinywa?"

"Haigusi, mama."

"Basi kata tena, Feruzi. Nione."

Alikata siku nne. Siku ya nne hakuna kipande kilichoruka.

Jumamosi Feruzi alivaa koti lake jeusi, akaenda. Lukumani aliketi mbele yake. Kuku akaletwa. Feruzi akakata vipande vitatu, akalaza kisu, akahamisha uma kwenye mkono wa kulia.

"Tazameni!" Lukumani akasema, ili wote wasikie. "Chef wa posta amechoka mkono wa kushoto!"

Vichwa vikamgeukia Feruzi. Masikio ya Feruzi yakawaka moto. Lakini alitafuna kwanza, akameza, ndipo akasema:

"Haujachoka, ndugu yangu. Umemaliza kazi yake. Kwetu, mkono wa kulia ndio unaolisha kinywa. Nimekata vizuri. Sijamwaga kitu. Sijamsumbua jirani yangu. Kosa liko wapi?"

Lukumani akainamia sahani yake. Mgeni mmoja alitikisa kichwa kukubali, akaendelea kula.

Upande wa pili walikaa wakubwa wapya watatu, watu wa familia za Kiislamu. Sahani zao zilikuwa bado zimejaa. Mikono yao ilikuwa mapajani. Mmoja akachukua kisu. Akakata polepole, akakilaza, akahamisha uma. Wa pili akamtazama, akafanya vilevile. Kisha wa tatu. Wakala, wakashiba, vichwa juu.

Asubuhi Mama Fatouma alikwenda sokoni akitembea kama bibi harusi.

"Mutoto wangu alikula na wakubwa," aliwaambia wanawake. "Kisu aliweza, uma aliweza, na kwao hakukusahau!"

Jumapili hiyo hiyo, jioni, watu sita walikuja uani kujifunza, na mmoja wao alikuwa Lukumani. Papa Hubert aliwapanga kwenye mkeka, akagawa makemba. Alipotaka kuanza, Mama Fatouma akajipenyeza katikati yao, akanyoosha mkono wa kulia.

"Hubert, nipe huo uma. Nami nina kinywa."