Nivo ya Mwisho ya Zagabe

Siku ilianza vizuri tu. Jumamosi ya mwezi wa nane, jua limetoka, wamama wa mtaa wa Kadutu wanashuka na mabeseni ya sambaza, samaki wadogo wa ziwani, vichwani. Godelive naye akashuka hadi Nyawera, kwenye cyber ya jirani yao Donatien, chumba cha kompyuta za kulipia, kusoma ujumbe wa dada yake Olive aliyeko Ubelgiji. Hakuwa na haraka. Mumewe, Zagabe, alichukuliwa na watu wenye bunduki mwezi wa sita, wiki ile Bukavu ilipotekwa, mwaka 2004. Maiti hakuiona. Kitu kimoja tu alikitaka duniani: kujua Zagabe amelala wapi, amzike kama mtu.

Donatien alimpokea kwa sauti ya asali. Kwenye kilio, huyu ndiye aliyeleta mfuko mzima wa sukari, akaapa mbele ya watu kwamba aliona kwa macho yake Zagabe akipelekwa nje ya mji, njia ya Walungu.

"Karibu, maman. Kaa kwa ile ordinateri ya pembeni. Connexion iko muzuri leo."

Ujumbe wa Olive ulikuwa mfupi: "Dada, Zagabe iko muzima? Jana ametia nivo tatu mupya za Mama Kuku. Jina lake iko juu."

Mama Kuku ni mchezo wa kompyuta wa kufurahisha. Kuku mnene anasukuma mifuko kwa kifua, anatafuta njia ya kufikia vifaranga. Akiwapata, anacheza rumba. Sheria ni moja: kuku anasukuma, havuti. Mfuko ukishausukumia kwenye pembe, basi, hautoki tena. Zagabe, mwalimu wa hesabu, alitunga nivo za ziada, yaani hatua mpya za mchezo, akaziweka kwenye mtandao, watu wa mbali wakazipakua bure. Na hakumtega mtu. Kila nivo yake ilikuwa na njia ya kutokea.

Godelive akazipakua.

Nivo ya kwanza ilikuwa nyumba yao. Vyumba vitatu, jiko la nje, hata kigoda chenye mguu mfupi. Kuku alisimama mlangoni, mabawa yamefungwa kamba mgongoni.

Nivo ya pili ilikuwa kijia cha Kadutu kinachoteremka kando ya mfereji. Kilipofika barabarani hakikwenda upande wa Walungu. Kiligeuka Nyawera.

Ya tatu: chumba kimoja, hakina dirisha. Mifuko sita ya simenti. Vifaranga hakuna. Katikati ya sakafu kuna kiatu cha kahawia, kamba ya bluu. Kamba ile Godelive aliitia kwenye kiatu cha Zagabe kwa mkono wake mwenyewe.

Umeme ukakatika. Mashine zote zikazimika, wanafunzi wakatoka wakilalamika. Ya pembeni haikuzimika.

"Papa Donatien," Godelive akanong'ona. "Kule nyuma unaweka nini?"

"Depo tu, maman. Simenti."

"Tangu lini?"

"Tangu... mwezi wa sita."

"Kuya hapa. Kaa. Cheza."

"Mi ni mutoto, nicheze kuku?"

"Kaa, ao nipige kelele barabara nzima iingie."

Akakaa. Akakiona chumba. Akakijua. Akabonyeza kitufe cha mshale ili kitoweke. Kuku akasukuma mfuko.

Kule depo, kitu kizito kikaburuzika. Krrr.

"Nani iko mule?" Donatien akauliza.

"Funguo uko nayo weye."

Akabonyeza tena. Krrr. Mfuko ukaingia kwenye pembe. Na mwingine. Krrr.

"Unaharibu," Godelive akasema taratibu. "Hawezi kuvuta, Donatien."

Donatien akaruka. Akafungua depo, akaingia. Mlango ukajifunga nyuma yake.

Kwenye kioo, kimtu kidogo kikaingia chumbani. Kuku akageuka. Hakuna mkono uliogusa mashine. Krrr.

"Maman Godelive! Fungua! Ni mimi nilibaonyesha batu ya bunduki nyumba! Nilitaka ordinateri yake tu, hiyo ya pembeni! Unisamehe!"

Krrr.

Godelive alisogea mlangoni, akakunja mikono. Tuseme wazi: mtu akimuuza jirani yake, basi angalau asije kilioni kutufariji.

"Sukari yako nilikunywa," akamjibu.

Krrr. Krrr.

Kimya.

Kuku akacheza rumba.

Majirani walivunja mlango. Sakafu ilikuwa imepasuka katikati, na chini yake mwili wa Zagabe, na kiatu chake. Mifuko sita ilijipanga kwenye pembe, imebanana na ukuta; paka asingepenya. Wakaiondoa mmoja mmoja. Donatien hakuwepo. Hajaonekana mpaka leo.

Zagabe alizikwa, na Godelive akaibeba ordinateri ya mumewe nyumbani. Olive akaandika tena: kuna nivo ya nne, jina ni lile lile. Ni pembe tu na mifuko sita, nyuma yake kimtu. Watu wanalalamika kwamba haina njia. Aombe ifutwe?

"Acha," Godelive akajibu.

Ila kila asubuhi, hata kama mashine imelala imefunikwa kitambaa, vitufe vyake vya mshale vinakutwa na simenti mbichi. Godelive anaipangusa, anasafisha meza, anaendelea na kazi zake. Kesho yake iko pale tena, imelowa, na alama za vidole vya mtu anayejaribu kuvuta.