Ngazi Iliyoliwa Ndani kwa Ndani

Nyumba ya Mabela, mtaa wa Maskati, ilikuwa ya Harub, lakini paa lilikuwa la mama yake. Bi Nasriya alikuwa akipanda huko kila wiki kwa ngazi ya chuma iliyokuwa nje ya nyumba. Alikuwa akikausha papa. Alimkata vipande, akamtia chumvi, akamtundika kwenye kamba. Maji ya chumvi yalidondoka, yakatiririka mpaka kwenye ngazi. Majirani walijua papa yuko tayari kabla ya kuambiwa. Pua zao ziliwaambia.

Harub naye aliionea fahari ngazi ile. Kila Idi aliipaka rangi ya kijani. Akiona kutu, hakusumbuka nayo. Aliifunika kwa rangi, akaenda kuoga. Miaka minane alifanya hivyo. Ngazi iling'aa kuliko gari lake.

Asubuhi moja pampu ya tangi la maji iliharibika. Harub akampigia simu Japheth, fundi wa Kikenya anayetengeneza pampu na kuchomelea vyuma. Japheth alipofika, Bi Nasriya alikuwa tayari juu na papa wake.

"Panda tu," Harub alisema. "Hiyo ngazi kama mpya."

Japheth hakupanda. Alikuwa akitazama kipandio cha nne kutoka chini. Rangi ilikuwa imevimba kama andazi. Akatoa bisibisi, akaigusa nayo. Bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini.

"Umefanya nini?" Harub aliuliza.

"Mimi nimegusa tu, bosi."

Akagonga kidogo kwa nyundo. Kipandio kikameguka, kikaanguka miguuni mwao. Unga mwekundu ukamwagika. Ndani hamkuwa na chuma tena. Lilibaki ganda la rangi ya kijani, tabaka juu ya tabaka.

Harub akatazama juu. Nusu saa iliyopita mama yake alikanyaga hapo, na beseni la papa kichwani.

"Nani huyo anavunja nyumba?" Bi Nasriya aliuliza kutoka juu. Mguu wake mmoja ukashuka kwenye kipandio cha juu kabisa. Chuma kikalia.

"Mama, rudi juu."

"Nnashuka nione mlichovunja."

"Mama, rudisha mguu. Nakuomba."

"Leo wan'amrisha mie?"

Japheth akaingilia, taratibu kabisa: "Shikamoo, mama. Ngazi imeoza. Ukiweka mguu wa pili, utatuangukia hapa chini."

Mguu ukarudi juu.

Japheth alileta ngazi yake ya aluminiamu kutoka kwenye gari lake. Akaishika kwa chini. Harub akapanda, akamshusha mama yake hatua kwa hatua. Harub alikuwa akitetemeka mpaka ngazi ikatetemeka naye.

"Nani mzee hapa," Bi Nasriya aliuliza, "mie au weye?"

Alipokanyaga ardhi, aliona pengo la kipandio cha nne. Akaketi papo hapo kwenye ndoo.

"Lakini naipaka rangi kila Idi," Harub alisema.

"Hiyo ndiyo shida, bosi. Ulikuwa unaifungia kutu ndani. Chuma kikipata maji na hewa, kinageuka kutu. Kutu si uchafu umekuja kukaa juu. Ni chuma chenyewe kimeharibika. Inavimba, inabanduka, inainua rangi. Maji yanaingia chini yake, na chuma kilichobaki kinaliwa tena."

"Maskati hii mvua iko wapi?"

"Hata bila mvua. Hewa ya bahari iko na unyevu na chumvi. Chumvi inafanya kutu ije haraka." Japheth akatazama paa. "Na huko juu naona kuna mtu anaongeza chumvi."

"Msinisingizie papa wangu," Bi Nasriya alisema. "Tangu msichana nnakausha papa. Sijamwona akila ngazi."

"Basi mjaribu, mama."

Japheth alimpa misumari mitatu mipya ya chuma kitupu. Wa kwanza Bi Nasriya aliuweka ndani ya mkebe mkavu, akaufunga. Wa pili aliufunga kwa kitambaa chenye maji matamu ya bomba. Wa tatu aliufunga kwa kitambaa chenye maji ya chumvi ya papa. Vitambaa alivilowesha kila siku, apate kumwumbua fundi.

Siku ya tano aliwaita wote. Msumari wa mkebe ulikuwa unang'aa. Wa pili ulikuwa na madoa ya kutu. Wa tatu ulikuwa mwekundu wote, na kitambaa chake kimeiva kama hina.

Bi Nasriya aliugeuzageuza.

"Kumbe papa," alisema, "hata akishakufa ana meno."

Kazi ikaanza. Japheth, aliyekwisha kutengeneza pampu kwa kutumia ngazi yake mwenyewe, alikata vipandio vilivyooza, akachomelea vipya. Palipokuwa na chuma kizima, Harub alikwangua kwa brashi ya waya: rangi yote, kutu yote, mpaka chuma cheupe kikaonekana. Mabega yalimuuma siku tatu. Wakapangusa vumbi. Siku hiyohiyo ya kukwangua wakapaka rangi ya msingi ya kuzuia kutu. Ilipokauka, ndipo wakapaka ya kijani. Kamba ya papa ilihamishwa upande wa pili wa paa, na beseni jingine likawekwa chini yake kukinga maji.

"Chumvi ikidondoka, osha kwa maji matamu, kausha," Japheth alisema. "Rangi ikivimba, usiifunike. Kwangua uone ndani. Chuma kikibonyea, usipande. Niite."

Kisha akamgeukia Bi Nasriya. "Tayari, mama. Panda."

Bi Nasriya alikuwa amesimama chini na beseni lake. Aliitazama ngazi, akamtazama mwanawe.

"Harub, una kilo ngapi?"

"Tisini na nane, mama."

"Tangulia. Ruka kwenye kila kipandio."

"Mama, majirani wanatazama."

"Nao wajifunze. Ruka."

Harub akaruka. Vipandio kumi na vinne, kimoja kimoja, akihema, na Japheth akimhesabia kwa sauti. Ngazi haikulia hata mara moja. Alipofika juu, Bi Nasriya alijitwika beseni, akashika chuma cha pembeni, akaanza kupanda.