Mgeni Aliyehesabu Ngazi

Asubuhi ile mtaa wetu wa Kariakoo uliamka vizuri, Mungu ashukuriwe. Wapagazi walikuwa wanataniana juu ya mikokoteni yao, Moza muuza viungo anamimina iliki kwenye sinia, na kutoka ghorofani harufu ya mtori wa Severa inashuka mpaka kwenye fremu ya duka la mumewe, Kasmir, muuza mashuka na mapazia. Ndugu zangu, ungepita hapo ungesema nyumba hii ina amani. Na ilikuwa nayo, ila Kasmir alikuwa na ugonjwa mmoja usioonekana kwa kipimo chochote: hakumwamini mtu.

Mteja akishika shuka bila kuuliza bei, Kasmir alijua ametumwa. Akiuliza bei mara mbili, huyo ni mtu wa kodi. Jirani akifunga mapema kwenda msibani, Kasmir husema, "Msiba gani huo, marehemu hana hata jina?" Kanisani alisali amefumba jicho moja, la pili linalinda simu yake kwenye benchi.

Siku mbili kabla, alikuwa amemsikia mkewe akiongea na simu jikoni, kwa sauti ya chini.

"Watashushwa pale kituo cha Gerezani, halafu waje kwa miguu mpaka hapa kwetu. Ndiyo, kwanza wewe uje ukague. Hapana, mume wangu hajui. Nitamwambia ikishakubalika."

Kushusha! Kwa wafanyabiashara wa Kariakoo, kinachoshushwa ni mzigo. Lakini mzigo hautembei kwa miguu. Kasmir akawaza na kuwazua. Alishasikia habari za watu waliotolewa kwenye fremu zao baada ya mgeni mwenye fedha kuzunguka kwa mwenye nyumba. Akahitimisha kwamba wanashushwa wageni wa kuja kumtoa, na anayewafungulia mlango ni mke wake wa ndoa. Hakumuuliza. Angeuliza, ningekuwa sina hadithi ya kuwaambia leo.

Wewe msomaji ngoja nikuambie kile ambacho Kasmir hakukijua. Kulikuwa na meli ya watalii, wengi wao wazee, iliyokuwa na siku moja tu ya kusimama kwenye pwani yetu. Wakala wake alikuwa anachagua kati ya Tanga na Dar es Salaam. Tanga palisifiwa kwa utulivu. Dar palisifiwa kwa uchangamfu, hasa Kariakoo, ila wenye meli walihofia usalama wake. Kama Kariakoo ingepita, wageni wangekula mtori ghorofani kwa Severa na kununua viungo kwa Moza, na meli ingerudi kila msimu. Severa alikuwa ameiombea kazi hii kwa kufunga na kusali. Alimficha mumewe kwa sababu mtu wa mwisho aliyewaletea habari njema, Kasmir alimtoa mbio na kandambili mkononi.

Basi, saa nne akafika mkaguzi aliyetumwa na wakala. Alikuwa mwanamume mpole aitwaye Vitalis, ana begi dogo na futi ya kupimia.

"Habari za kazi, kaka?"

"Nzuri. Shuka au pazia?"

"Hapana, naangalia tu mazingira. Samahani, hapa vibaka wapo?"

"Kwani unataka kujiunga nao?"

Vitalis akacheka. Kasmir hakucheka. Vitalis alikuwa ameombwa na Severa asiseme neno kwa mume, kwa hiyo akanyamaza, akaendelea na kazi. Akapiga picha nyaya za umeme. Akapima upana wa korido. Akamuuliza Moza hospitali iko umbali gani.

"Umesikia?" Kasmir akamnong'oneza Ridhiwani, mpagazi aliyekuwa amepumzika kivulini. "Mtu mwema anauliza hospitali kabla hajaumwa?"

"Labda ana mgonjwa, Baba Lucky."

"Au ana mpango."

"Wewe nawe! Juzi ulisema yule padri mgeni ni mpelelezi."

"Na mpaka leo sijathibitisha kwamba siye."

Vitalis akaanza kupanda ngazi, anahesabu kwa sauti, maana wazee wa melini wana magoti mabovu. "Kumi na saba, kumi na nane." Kila namba ilimwingia Kasmir kama mwiba. Anahesabu nyumba yangu, alijisemea, kesho anahesabu watoto wangu. Mgeni aliposhuka, akasogeza pazia lililoning'inia kwenye mlango wa fremu, aone kama pana njia ya pili ya kutokea.

Hapo Kasmir akapasuka.

"Mwizi! Mwizi huyo!"

Ndugu zangu, mnajua neno hilo Kariakoo linafanya nini. Haliulizi ushahidi. Watu ambao hawajawahi kuuziwa hata foronya na Kasmir walifika wakikimbia, na aliyefika wa kwanza alipiga, na wa pili alipiga kwa kuwa wa kwanza amepiga. Vitalis alijaribu kutaja jina lake, lakini nani alikuwa amemuuliza?

Severa alishuka ngazi zile kumi na nane mwiko ukiwa bado mkononi, akamlalia mgeni juu.

"Ni mgeni wangu! Nimemwita mimi! Nipigeni mimi kwanza!"

Moza akaruka sinia lake akaja kusimama kando yake. Ridhiwani akasukuma mkokoteni, akaukingamisha mbele ya umati. "Rudini nyuma! Kaiba nini? Mwenye kuibiwa aseme kaibiwa nini!"

Macho yote yakamgeukia Kasmir. Akageuka kuangalia mashuka yake. Yote yalikuwepo.

Vitalis alipelekwa hospitali ile ile aliyokuwa ameiulizia, mkono wa kulia umevunjika. Jioni yake, mume na mke walikwenda kumwona. Njiani Severa hakusema lolote isipokuwa hili: "Baba Lucky, ungeniuliza."

Kasmir akapiga magoti kando ya kitanda. Vitalis akamsamehe, kisha akaonyesha karatasi iliyokuwa begini mwake.

"Ina maswali mawili tu, kaka. La kwanza, mahali hapa pana uhai wake? Nilishajibu asubuhi: ndiyo, kuliko kote nilikopita. La pili, mgeni atakuwa salama? Hilo nilikuwa naenda kulijibu."

"Andika ndiyo, ndugu yangu," Kasmir akalia. "Kosa ni langu, si la mtaa. Usimwadhibu huyu mama kwa ajili yangu."

Vitalis akamtazama Severa. Ilionekana wazi kwamba angekubali kuandika ndiyo.

"Usiandike hivyo," Severa akasema. "Wanaokuja ni wazee, wengine wanatembelea fimbo. Siku mmoja wao akisogeza pazia la mtu, nitamjibu nini Mungu?"

Vitalis hakuweza kushika kalamu. Basi Severa akaichukua yeye, akafanya ishara ya msalaba, na mbele ya mumewe akaandika kwa mkono wake mwenyewe: *Hapana. Bado.*

Meli ikaenda Tanga.

FUNZO

Ndugu msomaji, hadhari si dhambi. Mjini lazima uwe macho. Lakini mwenye hadhari huuliza, na mwenye shuku hujijibu mwenyewe. Kasmir aliogopa kunyang'anywa riziki na mgeni, kumbe aliyeinyang'anya nyumba yake riziki ni yeye. Severa naye alikosea kumficha mumewe, kwa maana giza dogo la siri lilimtosha mwenye shuku kujenga jumba zima. Tusemezane majumbani mwetu. Na ukimwona mtu usiyemjua anahesabu ngazi zako, msalimie, umuulize jina lake na shida yake, kabla hujapaza sauti ambayo huwezi kuirudisha. Na wewe unayekuja mbio ukisikia neno "mwizi", simama kwanza uulize kaibiwa nini. Mungu atupe mioyo ya kuuliza.