Video Ambayo Husna Hakuipiga

Jioni ile Husna alikuwa ametumwa na mama yake, Mwanahawa, akachukue matenga matupu waliyoyaacha kwenye kona ya barabara juu ya Soni, pale wanapowauzia plamu na mapeasi watu wa magari. Kazi ya kila siku. Alitembea polepole, simu mkononi, akili yote ikiwa kwenye chaneli yake.

Chaneli ilikuwa changa, na tayari ilikuwa inakufa. Aliipa jina la Milima Yetu. Alikuwa ameshaonyesha upandaji wa viazi, maporomoko ya maji, mapishi ya makande, hata mbuzi wa jirani aliyezaa mapacha. Watazamaji walikuwa wale wale: kaka yake Ismaili, wifi yake Shamsa, na mzee Abrahamu mwenye duka, ambaye alimwachia achaji simu bure na chini ya kila video aliandika, "Hongera binti yangu, Mungu akuinue."

Husna alikuwa amemaliza chuo na kurudi kufunga mafungu ya karoti. Kila alipopita sokoni alihisi watu wanapima kimya kimya kile kisomo kilimsaidia nini. Alitaka chaneli imtoe pale. Kila siku alipanga video za wiki nzima, na kila siku alizifuta zote, kwa sababu hakukuwa na hata moja ambayo yeye mwenyewe angeitazama mpaka mwisho.

Ukungu ulishuka mapema. Alipofika kwenye kona aliona mtu amekalia matenga yake.

Alikuwa mwanamke mtu mzima, kanga imemfunika mpaka kwenye paji la uso. Miguu ilikuwa mitupu na imejaa matope mekundu, mabichi, ilhali mvua ilikuwa haijanyesha kwa muda mrefu. Husna akamwamkia shikamoo. Kimya. Akadhani hakusikika, akarudia kwa Kishambaa, onga mshi, mama. Yule mwanamke alikuwa anaitazama simu.

Halafu ikaja harufu... Harufu ya udongo. Udongo wa shimo lililochimbwa sasa hivi.

"Unatafuta cha kupiga," mwanamke alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayeongea kando ya mgonjwa.

Husna alicheka kidogo, akasema ndiyo, anatafuta, na kama mama ana wazo basi amsaidie.

"Kapige mkaratusi wa kisimani. Leo, giza halijaingia."

Akainuka, akashuka upande wa korongo, ambako hakuna njia. Husna hakusikia jani likikanyagwa.

Aliupiga ule mkaratusi kwa sababu hakuwa na kingine. Mti tu, mkubwa, watoto wanachota maji chini yake. Akairusha, akalala.

Asubuhi mti ulikuwa chini. Hakukuwa na upepo, hakukuwa na mvua, na shina halikuwa limeoza. Ulikuwa umelala juu ya njia ya kisimani, mizizi ikitazama mbinguni. Hakuumia mtu. Lakini ile ndiyo ilikuwa picha ya mwisho ya mti ambao wazee wote wa Soni walikuwa wamechezea chini yake, na watu wakaanza kutumiana. Ikafika Tanga, ikafika Dar es Salaam, ikafika kwa Washambaa walioko ng'ambo. Kufikia jioni simu ya Husna ilikuwa inatetemeka mfululizo mezani, na mama yake akauliza kama imeharibika.

Husna alijiambia kwamba ni bahati. Hata hivyo, tangu siku ile hakungoja tena kutumwa. Kila jioni alijipeleka mwenyewe kwenye ile kona, akasimama kwenye ukungu akijifanya anapanga matenga. Jioni nyingi hakukuwa na mtu. Alipiga video nyingine, za kabichi na za watoto wa madrasa, na wafuasi wapya wakaanza kulalamika kwamba chaneli imepoa.

Kisha jioni moja harufu ilitangulia.

Hakugeuka. Alihisi tu ubaridi nyuma ya shingo.

"Kapige duka la Abrahamu."

Hapo Husna alielewa. Asije mtu akasema kwamba hakuelewa. Alisimama pale mpaka vidole vikafa ganzi, akiwaza namna ya kumwambia mzee. Angemwambia nini? Na akimwambia, mzee akahamisha vitu, akalala kwingine, na jambo lisitokee, video itakuwa ya duka tu, na yeye atakuwa kichekesho. Akajiambia labda ni bati litakaloezuka. Labda ni ukuta utakaopasuka. Akateremka dukani na simu yake.

Mzee Abrahamu alifurahi mno. Aliomba muda avae koti. Alisimama nyuma ya kaunta, akarekebisha kola, akauliza kama atabasamu au akae kikazi. Alimpimia mteja sukari kwa madaha, akaonyesha redio yake ya zamani, akaeleza alivyoanza biashara na boksi moja la sabuni. Mwisho akauliza, "Nimetoka vizuri, binti yangu?"

Husna akamwambia ametoka vizuri.

Duka liliwaka kabla ya mapambazuko. Mzee alikuwa amelala chumba cha nyuma, kama alivyofanya kila mara aliposhusha mzigo mpya. Walimtoa akiwa hai, lakini hospitali hakukaa sana. Siku ya mazishi mjane wake, Evelina, alimkumbatia Husna mbele ya watu, akamshukuru kwa ile video. Alisema katika maisha yao yote ya ndoa hakuwahi kupata picha ya mume wake akitabasamu.

Husna alipokea shukrani ile. Hakujua mahali pa kuiweka.

Chaneli ikafurika. Watu wasiomjua walimwandikia kila dakika. Dada, unajuaje? Dada, una nini wewe? Na lililorudiwa kuliko yote, chini ya uso wa marehemu anayetabasamu: kesho wapi?

Akaacha kwenda kwenye kona. Mama yake alipomtuma matenga, alikataa, na Mwanahawa, ambaye hakuzoea kukataliwa, akaenda mwenyewe bila kusema neno. Kisha mvua zikaanza. Zilinyesha usiku na mchana, barabara ya Mombo ikafungwa mara mbili kwa matope. Jioni moja Husna alikuwa jikoni peke yake, anamenya viazi. Sufuria ilikuwa inachemka. Vitunguu vilikuwa vinaungua kidogo.

Ghafla hakusikia tena harufu ya vitunguu.

Udongo.

Nje, nyuma ya mbao za jiko, kitu kilikanyaga matope. Chwa... chwa... Miguu mitupu. Kikasimama usawa wa kichwa chake.

"Kapige kwa Ismaili. Mlango wa nyuma."

Husna aliangusha kisu, akakimbia.

Nyumba ya kaka yake ilikuwa juu, mahali ambapo mlima ulikatwa wima ili kupata kiwanja. Mlango wa nyuma ulitazama ukuta wa udongo mwekundu, karibu kiasi cha kuugusa kwa mkono. Aliwakuta wanakula. Shamsa alikuwa mja mzito wa miezi ya mwisho, amekaa mkao wa kuegemea. Husna aliwaambia watoke, sasa hivi, wasichukue chochote. Ismaili, mtu mpole asiyepandisha sauti hata akikasirika, akamwambia akae kwanza apumue, kisha aeleze amejuaje. Husna akasema amehisi tu. Ismaili akasema ukuta ule umesimama tangu ajenge, na mvua kubwa kuliko hii umeziona. Husna akasema ameambiwa. Na nani? Akaeleza kuhusu yule mwanamke, kuhusu mkaratusi. Ismaili alikuwa anamtazama kwa huruma, kama mtu anayefikiria kumpeleka kwa shehe akasomewe.

Husna aliona kwamba hataaminiwa mpaka aseme lote.

"Aliniambia na la mzee Abrahamu," alisema. "Nikanyamaza."

Mvua ilipiga bati. Ismaili alirudisha tonge kwenye sahani.

"Ulinyamaza upate video?"

Husna aliinamisha uso. Kaka yake alimtazama kwa muda mrefu, na ile huruma ikamtoka usoni taratibu, mpaka ikaisha.

"Toka kwangu," alisema kwa kunong'ona.

Shamsa ndiye aliyeinuka. Akajifunga kanga kichwani, akamwambia mumewe kwamba anaogopa, kwamba usiku huu mmoja tu walale kwa mama. Ismaili alisema Shamsa aende, hamzuii kwa hali yake, lakini yeye hataikimbia nyumba yake kwa ajili ya shetani wa simu. Aliwafungulia mlango wa mbele, akawapa tochi na mwavuli. Husna alisikia komeo likirudishwa nyuma yao.

Walikuwa hawajafika barabarani.

Haukuwa mshindo mkubwa. Ilikuwa kama mtu mzima aliyetua mzigo na kushusha pumzi.

Kisha kimya... Kisha ile harufu, sasa kila mahali.

Wanaume wa Soni walichimba kwa majembe na sufuria mpaka kulipokucha. Walimkuta Ismaili nyuma, mkono ukiwa kwenye komeo la mlango wa nyuma. Alikuwa ameshalivuta. Waliomtoa walisema alikuwa kama mtu aliyeinuka mezani kwenda kumfungulia mgeni.

Shamsa alisimulia aliyoyasikia mezani. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa analia, watu wanamuuliza alitokaje, naye akawaambia kweli. Kufikia adhuhuri kila nyumba ilikuwa inajua kwamba Husna alijua la Ismaili, na kwamba kabla ya hapo alijua la Abrahamu. Wengine wakaongeza mkaratusi. Neno mchawi halikutamkwa mbele yake, lakini wanawake waliokuja msibani walisogeza watoto wao alipopita. Evelina alikuja mpaka uani. Hakuingia. Alimtazama Husna, akafungua simu yake, na pale pale mbele ya macho yake akaifuta ile video ya mumewe anayetabasamu, aliyokuwa ameihifadhi. Halafu akaondoka.

Mwanahawa alimpangia binti yake nguo kwenye mfuko. Alizikunja vizuri, moja moja, akamwambia aende kwa shangazi yake, Mombo.

"Mama, sikumuua kaka."

"Abrahamu alikuita binti yake," mama alisema. Akaufunga mfuko.

Mombo kuna joto na vumbi, na hakuna aliyemjua. Husna alizima simu akaiweka chini ya godoro. Arobaini ya Ismaili ilipokaribia, Shamsa aliteremka kumwona, mtoto mchanga mgongoni. Hakukaa kwanza. Aliuliza kwa sauti ya chini kama wifi yake ameiona video mpya.

Husna alisema hakuna video mpya. Tangu duka la mzee hajapiga kitu.

Shamsa akampa simu yake.

Ilikuwa kwenye chaneli ya Milima Yetu, imeandikwa tarehe ya jioni ile ile ya mvua, ingawa ilionekana juzi tu. Ilipigwa kutoka juu, kwenye ule mlima uliokatwa. Kwanza mlango wa nyuma, umeloa. Kisha picha ikasogea polepole mpaka kwenye dirisha. Ndani, kwenye mwanga wa taa, Ismaili alikuwa na tonge mkononi. Shamsa ameegemea. Husna amesimama, anatapatapa na mikono mitupu. Sauti zao hazikusikika. Iliyosikika ni mvua, na karibu sana na simu, mtu anapumua.

Shamsa aliisimamisha pale.

"Sisi sote tumo ndani," alinong'ona. "Nani ameshika simu?"

Mtoto alikohoa mgongoni. Husna aliuliza kama mama ameiona. Shamsa alisema amemwonyesha. Mama aliitazama mpaka mwisho, akarudisha simu, akasema hiyo inamtoa Husna kwenye la Ismaili, haimtoi kwenye la Abrahamu. Na amesema kwenye arobaini asije.

Alipoondoka wifi yake, Husna alitoa simu chini ya godoro, akaiwasha, akajaribu kuingia kwenye chaneli aifute. Neno la siri likakataa. Akajaribu tena. Likakataa. Alipokuwa bado anahangaika, video nyingine ikatokea, changa kabisa, haijapata hata watazamaji wengi.

Ukungu. Uzio wa matete. Mlango wa kijani wa jiko asilolijua, moshi unatoka chini ya paa. Basi.

Maneno yakaanza kumiminika chini yake. Hapa wapi? Ni wapi? Tunasubiri. Husna aliandika kwa akaunti nyingine yenye jina lake: Kama ni kwenu, tokeni ndani sasa hivi. Nawaomba. Wakamjibu kwa vikatuni vya kucheka. Mmoja akasema huyu dada anajua kunogesha. Mwingine akasema kweli biashara matangazo. Akaandika tena, na tena, wakazidi kucheka.

Kisha mtu mmoja aliyejiita Beatha akaandika: "Mbona kama jiko letu, huku Mtae?"

Husna alimwandikia atoke. Amwite kila aliyemo ndani, atoke.

Jibu lilikuja upesi, na kikatuni kimoja cha kucheka mwishoni.

"Sawa dada. Ngoja nipakue chakula kwanza."

Husna alisubiri aandike tena. Nje, magari ya kupanda Lushoto yalikuwa yanapiga honi stendi, na shangazi alikuwa anamwita aje kula.