Aliyelala Upande wa Ukuta

Muuza magodoro ndiye aliyeliona kwanza, akadhani ni kasoro ya kiwandani.

Msichana mdogo alikuwa amejilaza juu ya godoro jembamba la inchi nne ili alijaribu. Alipoteremka, pale alipokuwa amelala sponji iliinuka papo hapo ikawa sawasawa. Lakini upande wa pili, ambao hakuna aliyeugusa, palibaki bonde. Lilikuwa bonde refu la kiasi cha mtu mzima aliyelala kiubavu, nalo lilijaa polepole sana, kama mtu anayejiinua huku hataki.

“Hili nalirudisha stoo,” alisema muuza magodoro. “Nitawapa jingine.”

“Nataka hilihili,” alisema msichana.

Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu asubuhi. Mama yake mdogo, aliyesimama pembeni na mkoba kifuani, hakuwa na moyo wa kumnyima kitu. Kaburi la mama wa mtoto lilikuwa bado na udongo mbichi. Marehemu alikuwa dada yake wa pekee, mwokaji mikate, aliyeugua kifua mpaka akabaki mifupa na macho. Siku ya mwisho aliuchukua mkono wa mtoto, akauweka kwenye mkono wa mdogo wake, akasema, “Haya.” Basi huyo ndiye Kipusa, maana ndivyo mama yake alivyozoea kumwita, na tangu siku hiyo kwa mama mdogo ndiko kwao.

“Mwanangu,” muuza magodoro aliuliza huku akilikaza godoro kwa kamba, “mbona ulijikunyata ukingoni, na godoro lote ni lako?”

“Upande wa ukutani ni wa mama.”

Muuza magodoro alimtazama mwanamke. Mwanamke akatazama chini. Maneno ya msiba, alijiambia. Mtoto akifiwa, mwache aseme.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, na chumba cha watoto kilikuwa kidogo hivi kwamba ukifungua mlango lazima ufunge dirisha. Kwa hiyo mume wake, fundi wa kuchomea vyuma, alikaa karakana Jumapili nzima akaunda kitanda cha ghorofa kwa bomba za mraba, na kitanda cha juu akakizungushia kizuizi cha chuma. Yeye ndiye aliyeshikilia godoro jembamba.

“La juu lisizidi inchi nne,” alisema, akichora mstari wa chaki kwenye kizuizi. “Ukiweka nene, mtoto analala juu ya kizuizi badala ya kulala ndani yake. Akijigeuza tu, huyo sakafuni. Lile nene liende chini kwa Chiriku. Yeye hata akianguka, ataanguka huku anaongea.”

Chiriku alikuwa binti yao, mwenye miaka sita, na jina hilo hakulipata kwa bahati nasibu. Alicheka, akapanda, akashuka, akauliza maswali mia. Kipusa alipanda ngazi kimya, akajilaza kando ya kizuizi, mgongo nje, uso ukutani. Akafumba macho akatabasamu.

Siku za mwanzo mama mdogo alishukuru. Alikuwa akipiga pasi kwenye duka la dobi, na alirudi alasiri, miguu imevimba, akawakuta watoto wamelala usingizi wao wa baada ya shule. Kipusa alianza kula. Akaanza kuongea pia, ingawa si na watu. Kupitia mlangoni alisikika akisimulia mambo ya darasani, akinyamaza kidogo, kisha akicheka, kama mtu aliyejibiwa.

“Mama,” Chiriku alisema siku moja, “mwambie Kipusa wasilale wawili. Chaga zinanishukia.”

“Wawili na nani?”

“Sijui. Zile chaga za kwake zimenyooka. Za ukutani zimebonyea hivi, mpaka karibu na pua yangu.”

Mama mdogo aliinama, akatazama chaga kutoka chini. Zilikuwa zimenyooka zote. Akamwambia mwanawe aache uzushi. Lakini alipokuwa akitoka, pua yake ilimsimamisha kizingitini. Chumba kilinukia hamira. Kilinukia mkate unaotoka tanurini, na chini ya mkate, jasho la mtu aliyekanda unga tangu alfajiri. Ilikuwa harufu ya mikono ya dada yake. Hakupiga kelele wala hakukimbia. Aliegemea fremu ya mlango akalia, na alipomaliza kulia alijisikia mwepesi kama nguo iliyopigwa pasi.

Tangu hapo akawa anaomba ruhusa mapema kazini. Alikuja kusimama mlangoni pale, alasiri kwa alasiri, akivuta harufu ile. Mumewe hakumwambia. Damu ni nzito, na hamu ya ndugu ni nzito zaidi. Mtu akiletewa anachokililia, haulizi kimepitia mlango gani. Siku moja alisikia mluzi mwembamba wa kupumulia puani, ule ambao dada yake alikuwa nao tangu utotoni, na badala ya kuogopa alinong’ona, “Dada?” Mluzi ukakatika. Kisha juu pale, upande wa ukuta, kitu kizito kikajigeuza kumwelekea.

Harufu ilianza kuchacha. Kwanza kidogo, kama unga uliosahauliwa bakulini. Halafu ikawa kali, ikashika mapazia, ikashika hata sare za shule. Kipusa akaacha kula tena. Nguo zilimning’inia kama zimeanikwa, na chini ya macho pakawa peusi. Ukimuuliza unaumwa wapi, anatikisa kichwa. Na Chiriku, yule Chiriku, akanyamaza. Alihamishia mto wake sebuleni bila kusema neno, na alipoulizwa sababu alijificha nyuma ya miguu ya baba yake.

Jumamosi moja alasiri baba alirudi mapema kutoka karakana, akapitia chumbani kumchungulia Kipusa. Mkewe jikoni akasikia kishindo cha ngazi na jina la Kipusa likiitwa kwa sauti ambayo hajawahi kuisikia kwa mumewe. Alipofika, alimkuta amemkumbatia mtoto kifuani.

“Mguu na mkono vilikuwa nje,” alisema kwa sauti ya chini. “Tumbo liko juu ya chuma. Amelala fofofo, na anasogea. Hajisogezi, mke wangu. Anasogezwa.”

“Kizuizi je?”

“Hebu tazama mwenyewe.”

Mstari wa chaki haukuonekana tena. Godoro la inchi nne lilikuwa limeumuka kama donge la unga, limepita mstari, limelingana na kizuizi na bado linapanda, na kava lake lilikuwa limekazika mpaka nyuzi zinalia. Fundi alilibonyeza kwa viganja viwili vilivyozoea kukunja vyuma. Halikushuka. Lilikuwa na joto.

Usiku huo watoto walilala kwa wazazi. Mke akamweleza mumewe yote, harufu, mluzi, na alasiri alizosimama mlangoni.

“Ukajua ukanyamaza,” mume alisema.

“Nilidhani ni dada.”

“Ningedhani hivyo hivyo,” alisema mume, akamfunika shuka.

Mganga waliyeelekezwa alikuwa mwanamke mshona viatu, mnene, mwenye vidole vyeusi vya rangi ya kiwi, na alikuja na mfuko wake wa sindano kwa kuwa alikuwa na kazi ya kumalizia. Hakuomba kuku wala kitambaa. Alisimama kizingitini akanusa, akauliza mtoto analala wapi, na upande upi anaacha wazi.

“Nitalichoma hilo godoro leo hii,” alisema mume.

“Ukilichoma atahamia kwenye mkeka. Hakufuata godoro huyu. Kafuata nafasi. Yapo majini yasiyo na kwao, yanatembea yakitafuta penye pengo, na hakuna pengo kama la mama. Yanavaa sauti, yanavaa harufu. Kisha kitanda hakitoshi wawili, na mmoja lazima atoke.”

“Na kama ni yeye kweli?” mama mdogo aliuliza. “Kama ni dada yangu?”

Mganga alimtazama kwa huruma. “Wafu hawasukumi watoto wao, mwanangu.” Kisha akasema kinachotakiwa. Mtu wa damu moja na marehemu apande alasiri, saa ambayo jini huja, akalale upande wa ukuta. Akitokea, amkane. “Ataomba. Usimwonee huruma hata chembe, na usimwite dada. Ukimwita mara ya pili, huyo ni wenu mpaka mwisho wenu.”

Kipusa alipoelewa kinachopangwa alipiga mayowe, akang’ang’ania ngazi, ikabidi baba mdogo amchukue mzimamzima ampeleke kwa jirani. Alimuuma bega njia nzima.

Mama mdogo alipanda. Dari ilikuwa karibu na uso wake. Aligeukia ukuta, akajibana pale kwenye joto lile, akasubiri. Nje jua lilikuwa likiwaka, mtu akipiga misumari mahali fulani, na mlangoni mganga alikuwa akishona kiatu, sindano ikiingia na kutoka. Alianza kudhani hakuna litakalotokea. Ndipo ile harufu ilipokuja, si ya uchachu tena bali ya mkate wa moto wa asubuhi, mtamu, na godoro likabonyea mgongoni mwake taratibu kama linavyobonyea mtu anapopanda kwa adabu asikuamshe, na goti likagusa nyuma ya goti lake, na pumzi yenye mluzi ikatua shingoni, ya baridi, baridi ya sakafu ya wodi, na mkono mwembamba ukapita juu ya kiuno chake ukatafuta kiganja chake ukakishika kwa kidole kimoja tu, kama walivyokuwa wakishikana utotoni wakienda kuchota maji.

“Kidole,” sauti ikasema.

Hakuna mtu duniani aliyebaki wa kumwita hivyo.

“Kidole, kule kuna baridi. Nisogezee kidogo tu.”

Machozi yalimtoka yakaingia sikioni. Alitaka kugeuka. Alikuwa na maneno ya mwaka mzima ambayo hakuwahi kuyasema hospitali, kwa kuwa kila siku alidhani kesho ipo. Mkono ulimkaza, na kitanda kikaanza kuwa chembamba, kila pumzi chembamba zaidi, paji lake likisagwa ukutani na mbavu zikikataa kupanuka, na bado sauti ile ilikuwa laini, ikiimba wimbo wa kubembelezea, ikiuliza mtoto wangu yuko wapi, Kidole, mbona umemficha, mlete, mlete alale nami, hata wewe sijakuudhi, mlete tu, na chaga chini zikaanza kulia moja baada ya nyingine.

Aliposikia “mlete” ndipo alipopata nguvu.

“Dada yangu nilimwosha kwa mikono yangu,” alisema, midomo ikigusa chokaa ya ukuta. “Nikamzika. Wewe sikujui.”

“Kidole…”

“Sikujui. Hapa pana mtu. Toka.”

Kidole kililegea. Kisha kikaja kilio. Hakikuwa cha jini wala cha mnyama. Kilikuwa kilio cha mwanamke anayefukuzwa kwake wakati wa mvua, kikashuka ngazi, kikapita chumbani, kikapita sebuleni, na mganga akakunja miguu ili kipite. Mlango wa nje ukafunguka, ukajifunga. Godoro likashuka kwa pumzi moja ndefu.

“Limekwisha,” alisema mganga, akauma uzi.

Kweli lilikwisha. Mapazia yalifuliwa, chaki ikaonekana tena, Chiriku akarudi chini na maswali yake. Kipusa alinenepa kidogo kidogo. Akawa analala katikati ya godoro. Lakini kwa mama yake mdogo hakusema neno. Alipokea sahani kutoka mkononi mwake bila kumtazama, na akiitwa alikuja, akasimama mbali. Mama mdogo hakumlaumu. Yeye mwenyewe, akiinama juu ya pasi kule dukani, alijirudia maneno ya mganga kwamba wafu hawasukumi watoto wao, na kila alipoyasema alikisikia kile kilio.

Mvua zilikuja zikapita. Siku moja wawili hao walikuwa uani wakianua nguo, kila mmoja ameshika ncha za shuka, wakikunja. Mtoto akasimama katikati ya mkunjo.

“Mama mdogo.”

“Nini, mama?”

“Alipokuwa anaondoka. Alilia?”

Angeweza kumwambia hakuwa mama yako. Angeweza kumwambia majini hayalii, na mtoto angelala. Alitazama mikono ile midogo kwenye shuka, iliyokuwa imetulia ikingoja.

“Alilia,” alisema. “Alilia sana.”

Kipusa akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyejua. Kisha midomo ikamcheza, shuka likamponyoka, na kilio ambacho hakukitoa makaburini kikamtoka chote, akaketi palepale chini. Mama mdogo akamfuata chini kwenye saruji akamkumbatia, naye akamlilia dada yake, wakalia wote wawili bila aibu ya majirani.

Chiriku akatoka mbio ndani.

“Nani kawapiga?”

Aliwatazama kwa zamu, akaketi chini kando yao juu ya shuka safi, na kwa kuwa hakupewa sababu, akaanza naye kulia bila sababu.