Waya wa Shemeji

Fundi alikuwa amepiga magoti chini ya meza, waya wa mtandao ungali mkononi mwake, alipoona taa ya kijani nyuma ya kompyuta imeshawaka. Aliutazama waya. Ncha yake ilikuwa hewani, haijachomekwa popote. Akaitazama tena taa, nayo ikapepesa mara mbili, kama jicho la mtu anayekujua ila hataki kukusalimu mbele za watu.

Ilikuwa saa nane mchana, katika chumba cha mafaili cha kliniki ya wazazi. Nje ya mlango wajawazito walijaa kwenye mabenchi na vichanga vililia kwa zamu. Aliyemwita ni Mkunga Mkuu. Alimwambia kazi yenyewe ndogo: kompyuta hii iliyofunikwa kitambaa mwaka mzima iunganishwe kwa waya, wakunga wasome daftari la uzazi bila kukimbizana na mafaili. Fundi aliitikia, ila aliijua kompyuta ile. Ilikuwa ya shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye sasa ni marehemu. Ndiye aliyemfundisha kazi tangu hajui hata kubana ncha ya waya. Ndiye aliyeiwekea Linux, mfumo wa kuiendesha, akapenda kusema kwamba mashine ya namna hii haimfichi mtu kitu, ukiiuliza, inajibu.

Fundi alijisemea kwamba macho yamechoka. Akachomeka waya, akaketi, akaandika amri zake. Alifuta mpangilio wa zamani wa mtandao, akatengeneza mpya, akaipa kompyuta anwani yake, kisha akaionyesha lango, yaani kile kisanduku cha ukutani kinachopitisha mawasiliano ya mashine zote kwenda mtandaoni. Akatuma mwito wa kulijaribu lango. Majibu yakaja, namba chini ya namba, kama inavyotakiwa. Akashusha pumzi.

Ndipo akasikia harufu ya nywele zinazoungua.

Alinusa waya, akanusa nyuma ya mashine. Kote kulikuwa baridi. Alipoinua kichwa, namba zilikuwa zimekoma, na mahali pake maneno yalishuka polepole, mstari baada ya mstari: Mimi sikuwepo. Muulizeni yeye.

Maneno hayo yalikuwa yake. Aliyasema mwaka uliopita kwenye kikao cha uongozi, ndani ya jengo hilihili, siku daftari la miaka mitatu ya uzazi lilipofutika kompyutani. Aliyelifuta alikuwa yeye, kwa haraka na kwa kujifanya anajua, shemeji yake akiwa ametoka kufuata vifaa. Shemeji ndiye aliyefukuzwa. Miezi saba baadaye moyo wake ulisimama usingizini, na Fundi akalishika jeneza kwa mbele, watu wakamsifu jinsi alivyompenda shemejiye.

Alichomoa waya, maneno yakaendelea kushuka. Akazima kompyuta, kioo kikabaki kinang'aa. Akautupa waya sakafuni, nao ukajikunja taratibu na kurudi kuelekea goti lake, una joto kama mshipa wa mgonjwa wa homa, na ndani yake kukasikika kitu kinapumua, kinakohoa, kinasafisha koo kama mtu anayejiandaa kusimama kikaoni, na sauti ile, alipoitambua, haikuwa ya marehemu hata kidogo, ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Mkunga Mkuu alisimama mlangoni, mkono umeziba pua.

"Fundi," alinong'ona, "nani anayeandika haya? Yako mapokezi. Yako dirisha la dawa. Kila kioo."

Fundi alisema hajui. Papo hapo harufu ikazidi, na ndani ya waya kitu kikacheka chinichini, kwa furaha ya mtu aliyeongezewa chakula.

Mkunga Mkuu hakubishana. Alikifunga chumba, akamtumia ujumbe mkunga mstaafu waliyemwita Bi Moshi kwa ajili ya ubani wake, mama ambaye tangu ujana aliwapunga watu wenye majini. Bi Moshi alikubali kuja kesho yake asubuhi, ila alitaka mtu wa nyumbani kwa Fundi awepo. Akaja mkewe. Aliingia amemshika mumewe mkono, akimwambia asiogope.

Ubani ulipotanda, Bi Moshi aliuuliza waya jina lake. Ukajibu kwa sauti ya Fundi kwamba hauna jina, na kwamba mlango ulifunguliwa na huyu hapa. Bi Moshi akamgeukia.

"Jini huyu hakutumwa na mtu, mwanangu. Anakaa pale unapoficha. Mimi siwezi kumtoa. Sema."

Fundi alisema. Alisema akitazama sakafu: kwamba alikuwepo, kwamba aliyelifuta daftari ni yeye, kwamba aliiacha kazi ya mtu mwingine iende ili yake ibaki. Waya ulijirusha mara tatu ukutani, vichanga vyote nje vikalia kwa pamoja, kisha kukawa kimya na ile harufu ikakatika.

Mkewe alikuwa ameshauachia mkono wake.

"Kaka alijua ni wewe?"

"Alijua."

"Tangu lini?"

"Siku ileile."

"Na kila Ijumaa akaja kula kwetu."

"Ndiyo."

"Ukawa unampakulia."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Mkunga Mkuu aligeuza uso ukutani, na Bi Moshi akajishughulisha na makaa yake, kwa sababu hakuna aliyetaka kumtazama.

Mkewe alimwambia amalize kwanza kazi ya watu. Akamaliza, wote watatu wakimsubiri. Lango likajibu kwa namba tu, na wakunga wakapata daftari lao. Kisha mkewe akatangulia mbele hadi makaburini, kwenye kaburi la kaka yake.

"Mimi umeshaniambia," alisema. "Sasa mwambie yeye."

Fundi alichuchumaa. Alitaka kuanza kwa salamu, kama alivyozoea kumsalimia akiingia sebuleni, ila kila alipofungua kinywa aliona aibu hata ya kumwita shemeji. Mkewe alisimama nyuma yake, akasubiri. Jua lilipanda, likawa la utosi, na bado alikuwa anasubiri.